Shangazi, naambiwa nina nusu ya thawabu za mume wangu, mbona siioni?

Shangazi shikamoo,

Naomba jina langu lisitoke maana huku tunakoishi Watanzania tunajuana wote na Wayahudi nao wanajuana wote, nikitajwa tu nimekwisha.

Mi mzaliwa wa Tanga, niko New Jersey mwaka wa kumi na tatu sasa. Nimeolewa na Myahudi wa Kiothodoksi na mwenyewe niliingia dini hiyo kabla ya ndoa, hakuna aliyenilazimisha, nilisoma miaka miwili na nusu, nikakaa mbele ya marabi watatu wakanihoji mpaka jasho, nikazama kwenye mikve, lile bwawa la kujitakasia, nikatoka Myahudi, kwahiyo usije ukaniambia sikujua naingia wapi. Shabati nilijua, vyombo vya nyama mbali na vya maziwa mbali nilijua, kufunika nywele nilijua (hilo sisi wa pwani wala halikunipa shida). Ila hili la kusoma Shangazi, ukubwa wake sikuambiwa.

Mume wangu ni fundi bomba. Si rabi, si mwalimu, anaamka anaenda kuzibua vyoo vya watu. Tarehe 1 Januari 2020 akanipeleka uwanja wa MetLife, ule wa mpira, kwenye sherehe ya watu waliomaliza kusoma Talmudi yote, yale mavitabu ya marabi wa kale ya sheria na mabishano yao, wanaita Siyum. Watu kama 90,000, baridi inakata masikio, mi nina mimba ya miezi saba nimekaa upande wa wanawake nimejifunga blanketi, nikaona mbali kule wanaume wazima wanacheza wameshikana mabega kama timu imechukua kombe, ila hakuna timu, wamemaliza kitabu tu. Mume wangu akarudi kwenye gari macho mekundu, akasema mzunguko unaokuja na mimi nimo. Jumapili ile ile tarehe 5 wakaanza ukurasa wa kwanza.

Nikadhani ni moto wa mabua. Shangazi, kurasa 2,711, ukurasa mmoja kwa siku, miaka saba na nusu, mpaka Juni 2027, na hajaacha! Corona alisoma kwa simu. Tukaenda kumzika baba yake, alisoma uwanja wa ndege. Kila siku saa kumi na moja na robo alfajiri anatoka, wanasoma kuanzia na nusu, wanasali, anarudi saa moja na nusu kuchukua gari la kazi. Hayo masaa mawili na ushee watoto watatu ni wa kwangu peke yangu, kuamsha, kuvalisha, chakula cha shule, basi.

Sasa kuna kipindi cha baridi kali mdogo akashikwa homa usiku kucha, nimepata usingizi saa tisa, nakuja kusikia mtu anapapasa soksi gizani, kabeba viatu mkononi ili asituamshe (eti huruma hiyo!) mlango ukafungwa taratiibu. Karudi ana furaha zake anaanza kunisimulia wamebishana kuhusu ng'ombe aliyetumbukia shimo la mtu, nani alipe. Nikamwambia na mimi nimetumbukia shimoni, nani analipa? Akacheka. Alidhani utani.

Na pesa hazijaongezeka, maana wengine husema ukisoma Torati riziki inafunguka. Ndo kwanza inafungwa. Kuna bibi mmoja mteja alilipa mara mbili kwa kusahau, hundi na ya simu, dola 340, na sisi kodi imechelewa wiki nzima, mume wangu akaendesha dakika arobaini kwenda kumrudishia mkononi siku hiyohiyo. Namuuliza haraka ya nini, anasema imeandikwa. Nikamwambia hata kodi imeandikwa, kwenye mkataba. Halafu mwenyewe ukimuuliza wiki iliyopita ulisoma nini hakumbuki, anacheka tu.

Nikilalamika mama mkwe ananiambia usinung'unike mwanangu, mke anayemwacha mumewe akasome ana nusu ya thawabu zake. Nusu iko wapi Shangazi? Nusu ninayoijua mimi ni nusu ya kitanda imepoa.

Naomba uniambie ukweli, huyu mtu analipwa nini? Na nimwambie aache?

Ni mimi, Mwenye Nusu.

NB: Mama mkwe huyohuyo nikipika kuku wa nazi hali, anasema anaonekana kama kapikwa na maziwa. Nimemwonyesha mpaka kopo. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu bado nikacheka peke yangu kwa hiyo nusu ya kitanda. Mi mwenyewe nimelala karibu na nusu hiyo miaka mingi, mzee wangu kamaliza mizunguko miwili, 2012 na 2020, kwahiyo nakujibu kama mwenzio wala sio kama mtu anayekuhurumia kwa mbali.

Tuanze na hiyo nusu, maana mama mkwe hajaitunga. Iko ndani ya Talmudi yenyewe, kitabu cha Sota, ukurasa wa 21. Wanauliza, mwanamke hajaamriwa kusoma kama mwanaume, sasa anapata wapi sehemu yake? Ravina, mmoja wa marabi wa humo, anajibu kwamba wanawapeleka watoto wakasome, na wanawasubiri waume zao mpaka warudi kutoka chuoni, je hawagawani nao? Neno lililotumika ni hilo, kugawana. Mama mkwe kasema kweli ila kaishia njiani, kwa sababu mwanangu, watu wanaogawana ni wabia, na mbia huulizwa. Biashara ambayo mmoja anafungua duka alfajiri bila kumuuliza mwenzie na mwenzie ndo anafagia, mi siiti ubia, hiyo ni ajira isiyo na mshahara. (Haya ni maneno yangu, usimtafute Ravina kwa hilo.)

Najua pia washakusimulia habari ya Rabi Akiva, maana kila bi harusi anasimuliwa. Jinsi mkewe alivyomruhusu akaenda kusoma miaka 12, akaongeza 12 mingine, akarudi na maelfu ya wanafunzi, wanafunzi wanataka kumsukuma yule mama mwenye nguo chakavu, Akiva akawaambia mwacheni, elimu yangu na elimu yenu ni mali yake. Hadithi nzuri, hata mi naipenda. Ila iko kitabu kingine cha Talmudi, Ketubot, ukurasa wa 62 ikimwagikia 63, na kwenye ukurasa huohuo wa 62 kuna nyingine ambayo kwenye maharusi huwa haisimuliwi.

Ni ya Rav Rehumi. Alikuwa anasoma kwa Rava mji wa Mahoza, huko Babeli, na alikuwa na mazoea ya kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, mkesha wa Yom Kippur, siku ya kufunga na kutubu. Mwaka mmoja somo likamnogea. Mkewe nyumbani anamsubiri, anajisemea sasa hivi anakuja, sasa hivi anakuja. Hakuja. Moyo ukamlegea, chozi likamtoka jichoni. Mume wakati huo kakaa juu ya dari kazama kwenye somo lake, dari likatitia chini yake akaanguka akafa. Basi, hadithi imeisha hapo, Talmudi haikuongeza mahubiri. Chozi moja tu. Na jina lenyewe Rehumi, kwa Kiaramu lina mzizi wa kupenda, sijui waliomwita hivyo walikuwa wanamsema au vipi.

Na kabla ya hadithi hiyo kuna Mishna, yaani ile sheria ya zamani ambayo Talmudi inaijadili, inayoweka mipaka kabisa, mwanafunzi wa Torati anaweza kuondoka bila ruhusa ya mke siku 30, kibarua wiki moja. Kisha akatokea mwalimu mmoja akasema hayo ni maoni ya Rabi Eliezer tu, wahenga wengine wanaruhusu miaka miwili mitatu. Rava akasema wapo waliotegemea kauli hiyo wakailipia kwa roho zao, ndo hapo analetwa Rehumi. Kwahiyo waliolianzisha jambo hili la kusoma wenyewe ndo walioandika kwamba linaweza kumwangukia mtu. Ukitaka kuzungumza na mumeo, usianze na kitanda, anza na ukurasa huu. Mtu wa Daf Yomi (ndo huo mpango wa ukurasa mmoja kwa siku) ameshaupita, yalikuwa majira ya kiangazi 2022, na kama hakumbuki basi ndo vizuri ausome tena na wewe umekaa pembeni.

Sasa swali lako kubwa, analipwa nini.

Pesa hapana. Anayekwambia kodi italipika kwa sababu mtu kasoma, mpuuze hata akiwa na ndevu mpaka kitovuni. Rabi Elazar ben Azaria alishasema pasipo unga hakuna Torati, pasipo Torati hakuna unga, na Rabban Gamliel alisema Torati isiyo na kazi mwisho wake kubatilika. Mumeo anasoma na anazibua vyoo, hilo peke yake limeshamweka mahali pazuri. Na kuna Antigonos wa Sokho, mzee wa zamani kabisa, alisema msiwe kama watumwa wanaomtumikia bwana ili wapate ujira. Kwahiyo hata neno thawabu lenyewe Wayahudi wanalishika kwa ncha za vidole.

Ila wanalishika. Chukua siddur ya mumeo, kitabu chake cha sala, kurasa za mwanzo za sala ya asubuhi, kuna kipande kinasema haya ndiyo mambo ambayo mtu anakula faida yake hapa duniani na mtaji unabaki kwa ulimwengu ujao. Yametajwa kuheshimu baba na mama, wema, kukaribisha wageni, kuangalia wagonjwa, kupatanisha watu, na kwenye siddur nyingi wameongeza kupatanisha mtu na mkewe, halafu mwishoni ndo inasemwa kusoma Torati ni sawa na hayo yote. Wewe ni mtoto wa Tanga, habari ya mtaji na faida huhitaji kufundishwa. Mtaji wa mumeo huwezi kuuona, na mimi siwezi kukuonyesha, uko huko uliko. Faida ndo inayotakiwa ionekane ndani ya nyumba, na kama haionekani una haki ya kuuliza hesabu.

Na hapa mwanangu nikugeuzie kibao kidogo, maana wewe mwenyewe umeiandika hiyo faida ukaipita. Dola 340.

Nimeona ulivyokasirika na mi ningekasirika, kodi ni kodi. Lakini hebu mtazame huyo mtu. Bibi kasahau, hakuna anayejua, pesa imeshaingia, nyumbani kuna shida, na fundi bomba kachoka na kazi za siku nzima anawasha gari dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi. Anasema imeandikwa. Kweli imeandikwa, kuna sura nzima ndani ya Bava Metzia, kitabu kingine cha Talmudi, inahusu mali ya watu iliyopotea, hii ukiiokota ni yako, hii unatangaza, hii hata kama una haraka unainama. Watoto wengi kwenye yeshiva, shule za Torati, wanaanzishiwa Talmudi na sura hiyohiyo, kabla ya mambo makubwa ya mbinguni wanafundishwa kurudisha kilichoanguka. Na Talmudi inasema kwamba mtu akifikishwa mbele ya hukumu atakutana na orodha ya maswali. La kwanza, ulifanya biashara kwa uaminifu? La pili ndo, ulitenga muda wa Torati? Angalia mpangilio. Saa kumi na moja na nusu ya alfajiri ni swali la pili, bibi wa 340 ni la kwanza, na mi naamini hilo la kwanza alilifikia kwa sababu ya lile la pili.

Waliwahi kubishana hilo huko Lod, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya Nitza, kusoma na kutenda kipi kikubwa. Rabi Tarfon akasema kutenda, Rabi Akiva akasema kusoma, wakaishia kukubaliana kusoma ni kukubwa kwa sababu kunamfikisha mtu kwenye kutenda. Sasa mumeo kusoma kumemfikisha kwa yule bibi. Hakujamfikisha chumbani kwa mtoto mwenye homa, kumeishia mlangoni na viatu mkononi. Hapo ndo ugomvi wako ulipo, na ugomvi huo una haki zote, kwa sababu sheria ya kusoma yenyewe inasema likitokea jambo la wajibu ambalo hakuna mwingine wa kulifanya, unafunga kitabu unaenda kulifanya. Mtoto anaungua, mama hajalala, mwingine ni nani? Ng'ombe wa shimoni angesubiri mpaka usiku.

Kuhusu kusahau, lisikusumbue kabisa hilo. Wakimaliza kila kitabu wanasoma maneno fulani, Hadran, wanakitaja kitabu kwa jina wanakiambia tutarudi kwako na wewe utarudi kwetu, hatutakusahau na wewe hutatusahau. Mtu anayekiaga kitabu hivyo kama anamsindikiza mjomba stendi, ujue ameshasahau nusu yake na anajua. Mzee wangu kamaliza mara mbili na kuna kurasa ananiapia hajawahi kuziona maishani.

Nimwambie aache? Hapana, mwanangu. Miaka yote hiyo mtu hajakosa, unamkata imebaki kidogo amalize, hata ukishinda utakaa na mwanaume aliyeshindwa na hilo ni zito kuliko kitanda kupoa. Ila uzuri wa Daf Yomi ni kwamba dunia nzima wako ukurasa mmoja siku moja. Ndo wazo alilolitoa Rabi Meir Shapiro kule Vienna mwaka 1923, Myahudi akishuka melini mji wowote akute wenzie wako palepale alipoishia. Sasa kama mtu akivuka bahari hapotezi ukurasa, atapotezaje kwa kuhama kutoka alfajiri kwenda usiku? Kwenye mitaa yenu huko lazima kuna darasa la saa mbili au saa tatu usiku, watoto wameshalala. Mwombe asubuhi mbili za wiki awe nyumbani, asali jirani haraka arudi, na somo la siku hizo alifanye usiku au asikilize rekodi ndani ya gari la kazi. Na mtoto akiumwa usiku habari ya kutoka haipo, hilo usiliombe, hilo mpe taarifa.

Halafu nusu yako. Nusu ya thawabu umeshaambiwa unayo, sasa dai nusu ya muda. Yeye ana dakika 45 na kitabu, wewe pia uwe na dakika 45 na kitabu, watoto wako kwake, na simu yake ikilia asiipokee. Usiseme wewe si wa kusoma, uliyekaa miaka miwili na nusu unajibu maswali ya marabi watatu. Sarah Schenirer alikuwa mshona nguo tu pale Krakow, mwaka 1917 akaanza kufundisha mabinti kwa sababu aliona kaka zao wanaondoka na vitabu wao wanabaki na sufuria, shule za Beit Yaakov zikazaliwa hapo. Na Januari ileile ya 2020 wewe ukiwa na blanketi MetLife, kule Jerusalem kulikuwa na Siyum ya wanawake waliosoma Daf Yomi wenyewe, ukumbi ulijaa. Sikwambii uanze Talmudi kesho. Anza na fungu la Torati la wiki au sheria za jikoni, chochote ambacho ukikisoma Jumanne utakitumia Ijumaa. Usingizi nao ukikuzidia, lala hizo dakika 45, mi sitamwambia mtu.

Mkiongea, ongeeni Shabati mchana baada ya chakula, usimvizie alfajiri mlangoni.

Sasa kuku wako wa nazi, na hapa nakuonea wivu kidogo maana huku niliko nazi ya maana sijaiona miezi.

Mama mkwe hajakosea sana, anaogopa kitu chenye jina, marit ayin, yaani jambo ni halali lakini mtu akikuona atadhani unafanya haramu. Fungua Shulhan Arukh, kile kitabu kikubwa cha sheria za Kiyahudi, sehemu ya Yoreh Dea, sura ya 87, kifungu cha 3, nenda kwenye maneno ya Rabi Moshe Isserles, huyu naye wa Krakow, miaka ya 1500. Wao hawakuwa na nazi, walikuwa na maziwa ya lozi. Anasema desturi ilikuwa kupika kuku kwenye maziwa ya lozi bila shida, kwa sababu kuku na maziwa kukatazwa kwake ni kwa amri ya marabi tu, lakini ikiwa ni nyama ya ng'ombe au mbuzi basi weka lozi pembeni ili anayeangalia aelewe. Waliokuja baada yake wakambishia, wakasema hata kwa kuku weka tu lozi. Sasa wewe nazi ndo lozi zako. Vunja nazi nzima, chukua vipande viwili vitatu vyenye ganda, viweke kwenye kisahani katikati ya meza, mama mkwe akikaa avione kabla ya sufuria kufunguliwa. Kopo liwe na muhuri wa kosher, na ile nazi ya unga iangalie vizuri nyuma ya pakiti, nyingine wanatia kitu cha maziwa ndani na hapo mama mkwe atakuwa kashinda kihalali.

Kifungu chenyewe mkisome wewe na mumeo Shabati hii, ni mistari michache tu. Msomee wewe, yeye asikilize.